Mwongozo Kamili wa Kutafuta, Kupima na Kutunza Sarafu za Majaribio za Makoloni ya Ufaransa Barani Afrika

Kosa linalowarudia wakusanyaji wapya ni lile lile. Mtu huona neno ESSAI, yaani «jaribio» kwa Kifaransa, kwenye picha ya muuzaji, huambiwa kwamba kitu hicho ni adimu mno, hulipa bei ya kitu adimu mno, na siku anapotaka kuuza hugundua kwamba sarafu yake ni moja kati ya elfu mbili zilizofanana, au si ya majaribio kabisa. Wengine hupata sarafu halali kwa bei halali, kisha wakaiharibu siku hiyo hiyo kwa kuisugua ili ing'ae.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata mahali makosa hayo yanapotokea. Msomaji asiruke hatua, kwa kuwa vipimo vya hatua ya sita havina maana kwa mtu ambaye hakujua tangu hatua ya pili alikuwa ananunua kitu cha aina gani.

## Vifaa vinavyohitajika

Viwe mkononi kabla ya kununua sarafu ya kwanza. Vyote kwa pamoja hugharimu chini ya sarafu moja mbaya.

- Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai, kwa sababu sarafu nyingi za kundi hili ni za alumini na uzito wake ni gramu moja au mbili tu.
- Vernia ya plastiki ya kupimia kipenyo na unene. Ya chuma hukwaruza alumini.
- Lenzi ya sonara yenye kukuza mara 10.
- Sumaku ndogo yenye nguvu.
- Kikombe chepesi, maji yaliyotoneshwa (yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, yasiyo na asidi) na uzi mwembamba wa nailoni.
- Glavu za mpira zisizo na poda, pamoja na kitambaa laini cha kutandika mezani.
- Vihifadhio vya plastiki ngumu visivyo na PVC (plastiki inayoharibu sarafu), na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.
- Katalogi inayotumia namba za KM (Krause na Mishler, waandishi wa katalogi ya sarafu za dunia), au katalogi ya Kifaransa ya makoloni inayofupishwa kwa herufi Lec. (Lecompte, mwandishi wake).
- Daftari.

## Hatua ya 1: Weka mipaka ya mkusanyo

Chagua eneo moja au mawili, usichague bara zima. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki chaguo lenye mantiki ni Komoro, Madagaska na Jibuti, ambayo kwenye sarafu za mwanzo huandikwa Côte Française des Somalis na baadaye Territoire Français des Afars et des Issas. Maeneo haya yana sarafu chache, kwa hiyo mkusanyo unaweza kukamilika, na mkusanyo uliokamilika huthaminiwa kuliko rundo lisilo na mpangilio.

Pia zinapendeza. Faranga 20 ya Jibuti ya mwaka 1952 ina jahazi na meli kubwa ya abiria kwenye bahari moja, na faranga 10 ya Komoro ya mwaka 1964 ina kombe za pwani pamoja na gombessa, yule samaki wa kale aliyewashangaza wanasayansi. Nikiulizwa na anayeanza, hizo mbili ndizo ninazozitaja kwanza.

Upande wa magharibi na kati ya bara kuna Afrique Occidentale Française (Afrika Magharibi ya Wafaransa), Afrique Équatoriale Française (Afrika ya Ikweta ya Wafaransa), Kamerun na Togo. Hapo pana mtego. Sarafu za faranga 1 na 2 za mwaka 1948 za maeneo hayo zina kichwa cha swala kilicho karibu sawa kwa zote, hivyo aliyezoea kutambua sarafu kwa picha hununua ya Kamerun akidhani ni ya Togo. Soma maandishi ya pembeni kila mara.

Wasomaji wa Kongo waangalie jambo jingine. Sarafu za Kongo ya Wabelgiji nazo zina maandishi ya Kifaransa, na Wabelgiji nao walitumia neno ESSAI, lakini hizo ni za kiwanda kingine na zina katalogi yake. Usizichanganye, hata muuzaji akizitaja kama «za Kifaransa».

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye jina la eneo, miaka na thamani za sarafu unazozitafuta, na huna haja ya kuangalia tangazo lolote lililo nje ya ukurasa huo.

## Hatua ya 2: Tenganisha makundi

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Neno ESSAI maana yake ni jaribio, lakini vitu vilivyopewa jina hilo havikutengenezwa kwa sababu moja.

Essai ya mchoro uliokubaliwa. Kiwanda cha Paris, Monnaie de Paris, kiliponuia kutoa sarafu mpya kwa ajili ya koloni, kilipiga kwanza idadi ndogo yenye neno ESSAI kwa ajili ya maofisa, makumbusho na wakusanyaji. Kwa matoleo mengi ya mwaka 1948 katalogi hutaja nakala 2,000. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mamilioni yaliyoingia sokoni Dakar au Antananarivo, lakini si haba. Nyingi zilitunzwa tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana karibu zote hupatikana zikiwa safi. Katalogi ya KM huzipa herufi E.

Piéfort. Hii ni essai ile ile iliyopigwa kwenye kipande kinene maradufu. Katalogi hutumia herufi PE, na idadi inayojirudia kwa matoleo ya wakati huo ni nakala 104. Hapo ndipo neno adimu linapoanza kustahili.

Jaribio halisi. Huu ni mchoro uliokataliwa, au mchoro uliokubaliwa lakini ukapigwa kwa metali nyingine, kwa ukubwa mwingine au upande mmoja tu. Katalogi hutumia herufi Pn, au TS kwa zile zilizopigwa kupima muhuri wa chuma unaochapa mchoro kwenye sarafu. Baadhi yake hazina neno ESSAI hata kidogo. Mtu anayetafuta neno hilo peke yake atazipita bila kuzitambua, jambo linalompa nafasi nzuri aliyesoma katalogi.

Vipande vya kubuni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu binafsi wametoa vipande vyenye thamani ya faranga 1,500 za CFA, majina ya nchi za Afrika na mara nyingine neno la majaribio. Havikutoka serikali yoyote. Vina wanunuzi wake, lakini si vya enzi ya ukoloni na havipaswi kulipiwa bei hiyo.

Onyo la ziada linahusu sarafu za Said Ali, sultani wa Ngazidja huko Komoro, zenye mwaka wa hijria 1308. Zilipigwa Paris na zina bei kubwa, hasa ile ya fedha ya faranga 5. Hata hivyo zilikuwa sarafu za matumizi, na uadimu pekee hauzifanyi kuwa za majaribio.

## Hatua ya 3: Soma tangazo kwa Kifaransa chake

Sarafu bora za kundi hili huuzwa kwenye minada ya Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi, na tafsiri za mashine huvuruga maneno yanayobeba bei. Yafuatayo yanatosha kwa kuanzia.

*Poids* ni uzito, *diamètre* ni kipenyo, *tranche* ni ukingo. *Tranche lisse* ni ukingo laini na *tranche striée* ni wenye mistari. *Bronze-aluminium* ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya shaba yenye rangi ya dhahabu, *laiton* ni shaba ya njano, na *maillechort* ni aloi nyeupe ya shaba, nikeli na zinki. *Refrappe* ni sarafu iliyopigwa upya miaka ya baadaye kwa muhuri wa zamani. Ukiliona neno hilo, kipande si cha mwaka ulioandikwa juu yake na bei lazima ishuke.

Hali ya sarafu huandikwa kwa herufi: TB, TTB, SUP, SPL na FDC, kutoka iliyochakaa hadi iliyo kama ilivyotoka mtamboni. Kwa essai ya kawaida usikubali chini ya SPL, kwa kuwa nyingi zilihifadhiwa vizuri na ipo nyingine inayokuja. Kwa jaribio halisi lenye nakala chache unaweza kukubali dosari, kwa sababu ukiikataa leo huenda usiione tena kwa miaka mingi.

Tangazo lisilotaja uzito na kipenyo ni tangazo lisilokamilika. Muulize muuzaji. Akijibu kwamba hana mizani, mwache.

## Hatua ya 4: Tafuta bei iliyolipwa

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji. Bei inayokufaa ni ile iliyolipwa, na nyumba nyingi za minada huacha kumbukumbu za matokeo yake wazi kwa umma. Tafuta namba ya KM au ya Lec. ya sarafu husika, kusanya matokeo kadhaa ya hali ile ile, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, kisha andika yaliyobaki kwenye daftari pamoja na tarehe.

Usisahau kwamba bei ya nyundo, yaani ile iliyofikiwa mnadani, siyo utakayolipa. Mnada huongeza ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni sehemu ya tano ya bei au zaidi, halafu kuna usafirishaji, bima na kodi nyumbani. Panga kiwango chako cha mwisho ukiwa umeshayajumlisha yote hayo, kiandike kabla ya mnada kuanza, na kisibadilike joto la mnada linapopanda.

## Hatua ya 5: Ilete nyumbani salama

Omba kifurushi chenye namba ya kufuatilia, bima na kutiwa saini wakati wa kupokea. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, vitu vya mkusanyo wa sarafu viko chini ya kichwa 9705: kifungu 9705.31 ni cha vile vyenye umri wa zaidi ya miaka 100, na 9705.39 ni cha vingine. Mwombe muuzaji aandike namba hiyo kwenye fomu pamoja na thamani ya kweli. Akiandika «vito» au «medali za dhahabu» ili kurahisisha, utalipishwa kwa kundi lisilo lako; na akipunguza thamani kama hisani, bima haitakulipa kifurushi kikipotea.

Uliza ofisi ya forodha ya nchi yako kabla ya kulipa mnada, siyo baada ya kifurushi kukwama.

## Hatua ya 6: Ipime siku inapofika

Minada na wauzaji wengi hutoa muda mfupi wa kurudisha, kwa hiyo kazi hii isisubiri mwisho wa wiki. Tandika kitambaa mezani, vaa glavu, na shika sarafu kwa ukingo tu. Tuchukue mfano wa faranga 2 ya Afrique Occidentale Française ya mwaka 1948.

Uzito na kipenyo. Sarafu hii ni ya alumini, yenye gramu 2.2 na kipenyo cha milimita 27; ya faranga 1 ina gramu 1.3 na milimita 23. Tofauti ya sehemu chache za mia za gramu haina shida. Piéfort ya faranga 2 lazima ikaribie gramu 4.4 kwa kipenyo kile kile. Ikiwa kipenyo ni sahihi na uzito ni mara tatu, mkononi una metali nyingine: ama jaribio halisi linalostahili uchunguzi zaidi, ama bandia. Jambo la pili hutokea mara nyingi zaidi.

Ukingo wa piéfort. Zungusha sarafu taratibu chini ya lenzi, mwanga ukitoka ubavuni. Piéfort ya kweli ni kipande kimoja. Ya kughushi hutengenezwa kwa sarafu mbili za kawaida zilizosagwa upande mmoja na kugandishwa, na hapo utauona mstari mwembamba katikati ya ukingo, au rangi ya gundi ndani yake. 

Herufi za ESSAI. Kwenye sarafu halali herufi hizi zimeinuka juu, kwa kuwa zilikuwa zimechongwa ndani ya muhuri wa chuma na kupigwa pamoja na mchoro mzima. Tazama uwanja, yaani sehemu tambarare inayozizunguka: uwe na mng'ao ule ule na ulaini ule ule hadi kwenye mguu wa kila herufi. Herufi zilizochimbwa kuingia ndani, au zilizozungukwa na duara lenye mikwaruzo midogo ya kusafishia, ziliongezwa baadaye juu ya sarafu ya kawaida. Linganisha pia umbo la herufi na mahali zilipo kwa kutumia picha ya nakala iliyouzwa na mnada unaoaminika. Angalia pia nafasi kati ya herufi S mbili.

Alama za kiwanda. Paris iliweka alama mbili ndogo. Ya kwanza ni pembe iliyojaa matunda, ambayo ni alama ya kiwanda chenyewe. Ya pili ni ya mchongaji mkuu, na hubadilika pamoja naye: mwenge ni wa Henri-Auguste Patey, kuanzia 1896 hadi 1930, bawa ni la Lucien Bazor, 1931 hadi 1958, bundi ni wa Raymond Joly, 1958 hadi 1974. Kwa hiyo essai ya Kamerun ya mwaka 1924 iwe na mwenge, ya Madagaska ya mwaka 1948 iwe na bawa, na ya Komoro ya mwaka 1964 iwe na bundi.

Alama na mwaka vikipingana, acha kuhesabu mengine na urudishe. Usichanganye tu alama na jina la mchoraji, kwa sababu mchoro wa Bazor uliendelea kutumika baada ya yeye kuondoka, na jina lake kwenye sarafu ya miaka ya 1960 si dosari. Sarafu za vita za miaka ya 1942 na 1943 zenye jogoo, zilizopigwa Pretoria, haziko chini ya kanuni hii.

Mwelekeo wa pande mbili. Shika sarafu kwa vidole viwili, kimoja juu na kimoja chini, mchoro wa mbele ukiwa wima, kisha izungushe kama ukurasa wa kitabu. Kwa sarafu za Paris za wakati huu upande wa pili hutokea kichwa chini. Ukitokea wima, tia shaka, kwa kuwa bandia nyingi hutengenezwa na watu wasiojua kanuni hiyo.

Sumaku. Alumini, shaba ya alumini na aloi ya kawaida ya shaba na nikeli havivutwi. Nikeli tupu na chuma huvutwa. Kipimo hiki ni cha sekunde moja na huondoa bandia za chuma zilizopakwa rangi.

Msongamano wa metali. Kipimo hiki kifanye mwisho, na ukifanye pale tu metali inapotiliwa shaka. Weka kikombe cha maji kwenye mizani na urudishe usomaji kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi ili izame yote bila kugusa chini wala pembeni, kisha soma mizani. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo.

Faranga 2 ya gramu 2.20 itasoma karibu 0.81, nayo 2.20 kugawanywa kwa 0.81 ni 2.7, ambayo ni alumini. Shaba ya alumini huwa karibu na 7.6, shaba nyekundu 8.9, fedha ya sarafu 10.3. Kwa faranga 1 usitegemee sana jibu hili: kosa la gramu 0.02 tu hupeleka matokeo kutoka 2.6 hadi 2.8. Ukimaliza, gusisha sarafu kwenye kitambaa hadi ikauke bila kuisugua.

Sarafu iliyofungwa ndani ya kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu, isifunguliwe kwa ajili ya vipimo hivi. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo, kwa sababu siku hizi makasha nayo hughushiwa.

Umefaulu vipimo vyote vikikubaliana. Kimoja kikikataa, vingine kukubali hakukifuti. Rudisha sarafu pamoja na picha ya mizani na maelezo mafupi ya vipimo. Muuzaji makini hatabishana na namba.

## Hatua ya 7: Ihifadhi, na usiisafishe

Alumini ni metali laini inayokwaruzwa na kitambaa cha shati. Dawa ya meno, ndimu, magadi na maji ya sabuni vyote huondoa ngozi yake ya asili, na mnunuzi mwenye lenzi huliona jambo hilo mara moja. Essai iliyosafishwa hushuka bei hadi kukaribia ya sarafu ya kawaida. Vumbi liondolewe kwa kupuliza hewa kwa kibofu cha mpira, na kazi iishie hapo.

Kwa wanaoishi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Moroni, adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Huanza kwa vidoadoa vyeupe vya ungaunga kwenye alumini, na vikishatokea havirudi nyuma. Tumia kihifadhio kinachofunga vizuri, kiweke ndani ya sanduku lisilopitisha hewa pamoja na silika, na ubadilishe au ukaushe silika inapobadilika rangi.

Epuka albamu za plastiki laini zenye harufu kali. Hiyo ni PVC, nayo huacha utando wa kijani unaonata kwenye aloi za shaba. Bahasha za karatasi za kawaida zina asidi, na kabati la mbao mbichi hutoa mvuke unaochafua shaba. Sanduku la bati lenye rangi iliyokauka kabisa ni bora kuliko la mbao nzuri.

## Hatua ya 8: Andika kumbukumbu

Kila sarafu iwe na ukurasa wake: eneo, thamani, mwaka, namba ya KM na Lec., kundi kwa mujibu wa hatua ya 2, uzito, kipenyo, unene, alama zilizoonekana, hali, bei ya nyundo, gharama nyingine, mnada na namba ya sarafu katika mnada huo, tarehe. Ambatisha risiti na ukurasa wa katalogi ya mnada. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga ukitoka upande mmoja.

Kwa jaribio halisi ongeza historia ya umiliki kadiri inavyojulikana: minada iliyopitia na miaka yake. Vipande hivyo vikiwa vichache, kila kimoja hutambulika kwa mikwaruzo yake, na ukilinganisha picha za minada ya zamani unaweza kukuta kwamba «nakala tatu» zinazotajwa na wauzaji ni moja iliyouzwa mara tatu. Likitokea hilo, liandike, kwa sababu mnunuzi wa baadaye atalilipia.

Mwisho, nakala ya daftari ikae mahali tofauti na sarafu, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo na asome hatua ya 7 kabla ya kuzigusa.